Mama Mkwe Apanda Mlima

Mara mbili Shuvai alikwenda milimani Nyanga na ukoo wa mumewe kupumzika, na mara zote mbili alirudi Harare amechoka kuliko alivyoondoka. Wengine walirudi na picha za kilele cha mlima Nyangani. Yeye alirudi na harufu ya moshi kwenye nywele. Mtu akikwambia "twende tukapumzike," muulize kwanza nani ataosha sufuria.

Safari hii ya tatu alikuwa ameapa. Hakumwambia mtu ila mumewe, Farirai, walipokuwa wanapakia gari Ijumaa.

"Mimi kesho napanda mlima," alisema.

Farirai alicheka kidogo, kisha akautazama uso wa mkewe, akaacha kucheka. "Na Tete je?"

Shuvai alisukuma begi la mwisho ndani, akafunga buti.

Tete Ratidzo, dada mkubwa wa Farirai na wifi yake Shuvai, hakuwa mtu mbaya. Ukipigwa na baridi angevua shali yake akufunike. Lakini jambo moja alilijua bila shaka yoyote: mke wa mdogo wake aliolewa apike. Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia misonobari, alisimama kwenye kibaraza cha nyumba waliyopanga, akagawa kazi kama jemadari.

"Muroora, mke wetu, kuku wawili wako kwenye tenga, bado hai. Mboga ziko mezani. Saa tisa tutashuka na njaa ya simba, tukute sadza imeshasongwa, ya moto. Unasikia, mwanangu?"

"Nasikia, Tete."

"Haya, watoto, viatu! Twende zetu!"

Kubishana na Tete ni sawa na kubishana na baba mkwe mwenyewe, na huko hakuna aliyewahi kushinda. Basi Shuvai hakubishana. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mume wa Tete, Bwana Mandaza, mkurugenzi mwenye kitambi cha heshima, aliyekuwa akihangaika na kamba za viatu vyake.

"Mkwe," alimwita.

Hapo ndipo mila humkamata mtu kabla akili haijafika. Kwao, mke wa ndugu wa kiume wa mkeo ni mama mkwe wako, hata kama ungeweza kumzaa. Bwana Mandaza alijikuta amechuchumaa, macho chini, anapiga makofi ya adabu taratibu. Kwa miaka tisa alikuwa akimwamkia Shuvai hivyo kila walipokutana, kisha anakula alichopika.

"Ambuya," alisema. "Mama mkwe wangu."

"Hivi mkwe akienda ukweni hufanya nini?"

"Ah, Ambuya, nalo hilo la kuuliza? Hukata kuni. Huchinja. Huchoma nyama. Na wenyewe wakishiba ndipo..." Alikuwa ameuona mtego, lakini mguu ulikuwa umeshaingia.

"Asante, mwanangu. Shoka liko nyuma ya nyumba. Kuku ni wawili."

Watoto waliangua kicheko. Tete alifika kwa hatua mbili.

"We! Mume wangu ana watu mia mbili chini yake!"

"Hao wako Harare," alisema Farirai. Hakuwahi hata siku moja kumpinga dada yake. "Hapa ni mkwe. Tulimpa mke, Tete. Na mke mwenyewe ni wewe."

"Na hajui kupika! Ataunguza kila kitu!"

"Basi umwelekeze, Tete," Shuvai alisema kwa upole. "Si mume wako?"

Tete alimtazama mdogo wake, akamtazama mumewe aliyekuwa bado amechuchumaa kama mtoto aliyevunja sahani. Angesema nini? Kwamba mila ni upuuzi? Mila hiyohiyo ndiyo iliyomweka Shuvai jikoni miaka tisa, na yeye Tete ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila hiyo. Alivua kofia, akakunja mikono ya blauzi.

Shuvai alipanda. Alipanda akihema, akiteleza kwenye majani yenye umande, magoti yakimlaani, na hakuna aliyemwomba maji wala mkate bila kuambiwa, "Muulize baba yako." Kileleni upepo ulimpiga usoni, na upande wa mashariki nchi ilishuka mpaka Msumbiji. Mlima ule haupendi majigambo, kila mtu anajua kwamba huwapoteza wanaojisifu, kwa hiyo aliubana mdomo wake. Aliubana mpaka chini, mpaka akafika penye gari. Hapo akapiga kigelegele kilichowafanya madereva wa magari mengine watoe vichwa dirishani.

Kuku waliungua upande mmoja. Shuvai alikula akiwa amekaa kitini, chakula kikiwa cha moto, akaomba aongezewe, naye Bwana Mandaza akamwongezea kwa mikono miwili.

Tete alikuwa akichokoa mfupa, masizi kwenye shavu. Kisha akauliza, "Huko juu kuna nini hasa?"

"Tete, si umepanda mara mbili?"

"Nani, mimi?" Aliangalia vidole vyake. "Mimi huishia penye magari. Nalinda mikoba yao. Nasingizia magoti."

Miaka yote Shuvai alidhani wametengwa na mlango mmoja, yeye ndani ya jiko na Tete huko kwenye raha.

Jumapili alfajiri mlango uligongwa. Tete alikuwa amevaa raba za Farirai, zimejazwa soksi ili zisimtoke.

"Muroora, amka," alinong'ona. "Amka kabla hawajaanza kudai chai. Nipeleke."

Ilipofika saa nne walikuwa kileleni, wawili peke yao, wameshikana mikono kwa sababu ya upepo, na huko bondeni wanaume wawili wazima walikuwa wakifungua kabati moja baada ya jingine kutafuta sukari.