Mkaguzi wa Televisheni

Barua ya tatu ilikuwa na maandishi mekundu. Suhaila aliikuza kwenye simu picha ya barua hiyo aliyotumiwa na baba yake, amesimama jikoni kwake Mount Druitt, Australia. Huko Leicester, Uingereza, alikoishi baba yake peke yake ghorofani, mwenye televisheni hukata leseni, na asiyenayo hutakiwa aseme hanayo. Mzee Nassor hakuwa nayo, na hakusema. Sasa ofisi ya leseni ilikuwa inatishia kumpelekea mkaguzi nyumbani.

Mkaguzi ni mtu anayetoka mlango huu akaingia ule, na pumzi za mtaa mzima amezibeba kifuani. Mwaka uliotangulia maradhi ya korona yalimchukua mama yake Suhaila, akazikwa bintiye akitazama kwenye simu. Baba alibaki na pumu yake, na tabia yake ya kutojua kumwacha mgeni nje. Aliyebisha hodi kwa Mzee Nassor aliingizwa, akakalishwa, akapewa kahawa. Na kahawa hainyweki na barakoa. Australia nayo ilikuwa imejifungia. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa, na Suhaila hakuweza kufika hata kitongoji cha jirani, Quakers Hill, kwa wifi yake, sembuse Uingereza. Hofu ilikuwa imemkaa mwilini hata akawa anapangusa kila siku vitasa vya nyumba isiyoingia mgeni.

Akapiga simu. Huko ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Na kifungo chenu mnaendeleaje?"

"Tumo tu. Baba, barua hizi mbona huzijibu? Ni kusema tu huna televisheni."

"Ile nilimpa jirani alipokufa mama yako. Ilikuwa inasema nami kutwa, wala hainisikii."

"Basi waambie. Watakuja hao."

"Si waje."

Suhaila alivuta kiti, akakaa.

"Nyumba nimeifagia," mzee akaendelea, sauti imempungua kidogo. "Tangu azikwe mama yako hajabisha mtu hapa, ila kijana wa kuleta vitu vya dukani, naye huviweka chini akakimbia. Mkaguzi huyu ameandika mwenyewe kwamba anataka kuja. Nimkataze kwa lipi?"

Hapo ndipo Suhaila alipong'amua kwamba baba yake hakuzipuuza zile barua. Alikuwa akimngoja mkaguzi.

Jioni ile Ishaq, mumewe, alirudi kutoka kazini, ghalani Seven Hills, akamkuta mbele ya kompyuta, anaandika jina la baba yake na anwani kwenye ukurasa wa ofisi ya leseni.

"Mzee amekubali?"

"Ana pumu, Ishaq."

"I know. Nimeuliza kama amekubali."

Suhaila aliendelea kuandika. Mwenye hofu haombi ruhusa. Alithibitisha kwamba nyumba ile haina televisheni, akabonyeza, na jibu likaja papo hapo: wanashukuru kwa taarifa, na kwa miaka miwili Mzee Nassor hatasumbuliwa na mtu. Suhaila alishusha pumzi. Kisha akalisoma tena lile neno, hatasumbuliwa, akaona aibu, akaifunga kompyuta.

Siku mbili baadaye mzee alipiga mwenyewe, sauti imechangamka.

"Komeo nimeliondoa, asije akabisha nisimsikie. Na haluwa nimepata, kwa yule Mhindi wa chini."

"Baba..."

"Ngoja. Mtu huyo anapanda ngazi."

Suhaila alizisikia hatua ndani ya simu, nzito, zikikaribia. Akasikia kiti kikisukumwa na makubadhi yakiburutwa kwa haraka. Alijua fika kwamba si mkaguzi, na bado akaibana simu sikioni. Alimwogopea baba yake mtu akiingia, na sasa alimwogopea asipoingia mtu.

Hatua zikafika mlangoni. Zikapita. Zikaendelea kupanda.

"Si yeye," mzee akasema. "Ni wa ghorofa ya juu." Akarudi kukaa, anahema. "Haya, mwanangu. Ulikuwa unataka kusema nini?"