Besi Nyuma ya Pazia

Kwaya iliingia mtaa wa Kamakis jua likielekea kuzama, siku ya kuamkia Krismasi. Walikuwa wameshaimba kwenye ploti kadhaa za nyumba za kupanga na kupewa soda na mandazi. Katika ploti iliyofuata Macharia, mwalimu wa kwaya, alimwambia Jentrix aongoze ubeti wa Kibukusu, maana wapangaji wengi pale walitoka magharibi.

Jentrix akaimba. Watu wakatoka milangoni wakipiga makofi. Kisha, nyuma ya pazia la nyumba ya mwisho, besi ya mwanamume ikaitikia, ikivuta neno la mwisho jinsi ambavyo kwao Bungoma mtu mmoja tu alizoea kulivuta.

Jentrix akanyamaza katikati ya mstari. Wenzake wakaendelea kidogo, nao wakaacha. Akaenda akafungua pazia.

Barasa, kaka yake, alikuwa kwenye stuli akimenya viazi.

Huyu ndiye waliyemlilia machimbo ya mawe yalipoporomoka huku Thika. Mwili haukupatikana, kwa hiyo wazee walizika mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi, na mkewe Nekoye akakaa matanga.

"Tulikuzika," Jentrix alisema.

Barasa aliweka kisu chini. "Najua."

"Unajua?"

"Siku hiyo sikuenda kazi. Nilikuwa hapa." Mwanamke mjamzito alitokea nyuma yake. "Nikasikia mnasema nimekufa. Nikaona niache tu iwe hivyo."

"Na Nekoye? Bado anafyeka nyasi kwa kaburi lako."

"Nekoye ni nani?" mwanamke aliuliza.

Macharia alianza kusema waombe. Jentrix akamsihi waendelee na nyumba nyingine, yeye abaki. Kisha akapiga simu nyumbani. Mama alipopokea, Jentrix alimwekea Barasa simu mdomoni.

"Mayi," Barasa alisema, akimwita mama kwa Kibukusu.

Kuku walisikika upande wa pili.

"Jentrix," mama alisema polepole, "nani huyo unaniwekea?"

"Ni yeye, mama. Namwona."

"Basi asikanyage hapa mpaka wazee waufukue ule mgomba. Mtu hai haingii boma lenye kaburi lake. Na Nekoye usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Waliufukua Januari. Barasa alisimama kando ya shimo, kijiji kizima kikimtazama. Nekoye alikuja akamwangalia usoni, akamgusa mkono kama anayepima joto la mgonjwa, kisha akarudi nyumbani kufunga mizigo yake arudi kwao.