Mzee Huzaifa Alivyoagwa Akabaki

Basi bwana, ukishaagwa uondoke. Watu wakikulilia, wakakusomea dua, wakala pilau lako, halafu wiki mbili baadaye wakukute sokoni unachagua nyanya, uso utauweka wapi? Muulizeni Mzee Huzaifa wa Nachingwea.

Mzee huyo alizaliwa palepale mjini, nyuma ya duka la marehemu baba yake, Bohora aliyetoka Gujarat, kule India, na mabunda ya vitambaa. Uzee ulimkuta hajawahi kuishi pengine. Mkewe alipofariki, na binti yake wa pekee, Saada, akaolewa hukohuko Gujarat, nyumba ikawa kubwa mno kwake. Ilipofika mwaka 2008 Saada akawa na mimba ya kwanza, na kila akipiga simu wimbo ni mmoja: "Baba, njoo tukae wote. Unamfanyia nani biashara?"

Siku hizo ilikuwa imetoka kadi mpya ya uraia wa ng'ambo, ya watu wenye asili ya India. Ukiipata unaingia kule na kukaa upendavyo bila kuhangaikia viza, na Utanzania wako unabaki nao. Mzee akafunga safari ya Dar es Salaam, akapeleka maombi ubalozi wa India, akapewa risiti.

Risiti hiyo ndiyo iliyomponza. Alirudi nayo mfukoni, kifua mbele, anamwambia kila anayekutana naye, "Tayari, mwezi ujao mimi siko hapa!" Kumbe kilichokuwa tayari ni kupokelewa maombi tu. Jamani, mtu mzima naye!

Akaanza kugawa. Duka alimwachia Seifu, fundi cherehani aliyeshona barazani pake miaka nenda miaka rudi. Kitanda cha mninga akampa Mwalimu Elineema, Mpare aliyehamishiwa shule ya pale, ambaye godoro lake lilikuwa sakafuni. Masufuria yote na sinia kubwa la shaba akampa Mwanasha wa Likunja, kule Ruangwa, mama aliyemuuzia ufuta tangu ndevu za mzee zikiwa nyeusi. Kisha akapika pilau, akaalika mtaa. Dua ikasomwa. Mwanasha alilia hadi mtandio ukamwanguka, na mzee mwenyewe kwikwi zikamshika, akashindwa kumaliza kushukuru.

Mwezi ujao ukafika, ukapita. Akipiga simu Dar anajibiwa kwa adabu, "Bado, mzee wetu. Unahitajika uthibitisho wa mahali alipozaliwa marehemu baba yako." Mume wa Saada akaanza kuzunguka vijijini Gujarat kutafuta karatasi za mtu aliyeondoka huko kabla hata baba wa mkwe huyo hajazaliwa. Mvua zikaanza Nachingwea. Kadi, kimya.

Na mzee naye akajificha. Alibaki katika chumba cha uani na begi lililofungwa, mkeka na birika. Msikitini alipitia njia ya nyuma. Siku moja Mohamedi muuza mkaa alimfuma, akaruka kando, "Heee! Mzee Huzaifa! Kumbe India yenyewe ndiyo hii?" Watu wakacheka, naye akacheka, lakini alipofika chumbani aliketi juu ya begi, akalia. Si kejeli iliyomuuma. Kilichomuuma ni kwamba huku ameshaaga na kule hajapokelewa. Duka si lake tena, kitanda si chake, hata kijiko ataanzaje kukiomba? Akifa leo, watasema amekufa mtu wa wapi?

Aliyeigundua hali yake ni Seifu. Alikuja uani kuuliza bei ya kaniki, akamkuta mzee anakula mkate mkavu juu ya gazeti. Peke yake! Na Nachingwea nzima inajua kwamba kwa Mabohora watu hukaa sinia moja, na kula peke yako ni ukiwa.

"Mzee, unalala chini na mimi nipo?" Seifu alifoka kama anagombeza mtoto. "Umetuona sisi watu gani?"

"Nilishawaaga, Seifu. Naona haya."

"Haya zako kaa nazo. Mimi nakwenda kwa Mwalimu."

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Elineema alikuja na kitanda juu ya mkokoteni. "Nimekuazima tu," alisema, anakaza uso asicheke. "Kitanda changu hiki, usije ukanivunjia chaga." Siku iliyofuata Mwanasha akashuka kwenye lori la Ruangwa, sinia kichwani, kikapu cha mbaazi na ming'oko, vile viazi vya porini, mkononi. "Sinia ni langu," alitangaza mlangoni. "Nimekuja kula humo mwenyewe. Nani atasogea?"

Wakasogea wote. Tangu siku hiyo hapakupita jioni bila mtu wa kula naye, na mzee alikuwa akimshukuru Mungu kwa tonge la kwanza na la mwisho. Alishukuru hata kwa kucheleweshwa. Kadi ingewahi, angekufa bila kujua kwamba watu hawa ni wake.

Simu ya kujifungua kwa Saada iliita wakiwa wamezunguka sinia. Mzee akaweka sauti kubwa, kichanga kikasikika kinalia kutoka ng'ambo. Mwanasha akapiga vigelegele, majirani wakadakia. "Baba," Saada aliuliza, "ni redio hiyo?" Mzee akamwambia, "Ni ndugu zako, mwanangu." Alifurahi, lakini alijutia kukosa siku ile, na hakuficha.

Mwisho karatasi zikapatikana, kadi ikatoka, na Mzee Huzaifa akaingiwa na hofu mpya. Ataagaje mara ya pili? Alijikaza, akamwambia kila mmoja, "Kesho kutwa naondoka." Seifu hakuinua macho kwenye cherehani, akasema, "Haya, safari njema." Mwalimu alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mwanasha alituma salamu kwamba yuko kwenye palizi. Basi? Hata dua? Mzee akajisemea, wamenichoka, na wana haki.

Alfajiri alibeba begi lake mwenyewe mpaka stendi. Hakuja mtu. Alikaa dirishani, basi likaanza kuondoka taratibu na kupita mbele ya duka. Seifu alikuwa anafungua milango. Aliinua mkono mara moja, vile anavyomwinulia mtu anayekwenda Masasi kufuata sukari.

"Mzee!" akapiga kelele. "Ukirudi uniletee vifungo vya kanzu! Huku vimeadimika!"

Mzee Huzaifa akatoa kichwa na mabega yote nje ya dirisha, machozi yanamchuruzika ndevuni.

"Rangi gani?" akauliza kwa sauti iliyoamsha basi zima. "Seifu! Nilete rangi gani?"