Pale Alipojibu Kizibo

Baba yangu alikuwa mchekeshaji wa redio, na redio yenyewe haina hata kikohozi chake. Nasema bila kumumunya maneno, maana kumumunya ni kazi ya wale waliopoteza sauti yake.

Kwenye mchezo aliitwa Kizibo. Mkewe wa mchezoni alikuwa Mama Gharika, na jina lilimkaa: akifungua mdomo, maneno yalimwagika mpaka ukahisi chumba kinajaa. Kizibo alimwacha amwagike weee, kisha akatia neno moja au mawili, kwa sauti ya upole ya mtu aliyeamshwa usingizini, na kila nyumba yenye redio ikaangua kicheko. Watu walimzoea kiasi kwamba wakimkuta njiani na mama yangu walimwuliza, "Na huyu nani tena? Gharika anajua?" Mama hakuwahi kuona cha kuchekesha hapo.

Baba alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Redio yao ina desturi: kila mwisho wa mwaka wanatenga kipindi cha kuwakumbuka wasanii waliofariki, na kila mmoja husikika mwenyewe, akiimba, akipiga ala yake au akiigiza. Mtayarishaji wa kipindi akanipigia simu. Nikafurahi, nikadhani ananialika nikasikilize. Kumbe anauliza kama nyumbani tuna kanda.

"Kanda za baba mnaniuliza mimi?" nikamwambia. "Miaka yote ile alikuwa anaongea kwenu!"

"Pole, dada. Zamani kanda zilikuwa adimu. Mchezo ukisharushwa, kanda ileile inarekodiwa kitu kingine juu yake. Mpira, hotuba, matangazo ya vifo..."

Matangazo ya vifo! Nilitaka kumtukana, nikajizuia. Ukweli ni kwamba hata nyumbani hatukuwa na kitu. Nani anahangaika kurekodi sauti ya mtu anayekoroma chumba cha pili?

Bila sauti, akasema, watamtaja jina tu, mwishoni, wakati muziki wa kufungia umeshaanza. Hilo sikulikubali. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Gharika.

Anaishi kwa binti wa kaka yake, na uzee umemla kumbukumbu. Tulipofika, mimi na mtayarishaji, yule binti alinivuta kando pale mlangoni. "Tafadhali, dada, usimwambie kwamba mzee amefariki. Tulimwambia, akalia kutwa nzima, kesho yake akaamka amesahau, akamwulizia. Tukamwambia tena, akalia upya kabisa. Tumeacha. Siku hizi akiuliza tunasema yuko njiani."

Tukaketi sebuleni. Mtayarishaji akatoa kinasa sauti, akauliza maswali yake ya heshima, akajibiwa habari za kuku. Nikaona safari imekwenda na maji. Mafua yalikuwa yamenishika, nikakohoa.

Mchezo wao ulianza hivyo kila wiki: Kizibo anakohoa mlangoni, anaogopa kuingia.

Mama Gharika alinyooka kitini. "Unatoka wapi?" akafoka, kwa sauti ileile ya zamani. "Nimekutuma chumvi asubuhi, mboga imeungua, majirani wamekula wameshiba, wewe ndiyo kwanza unakohoa mlangoni!"

Akanyamaza. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, ambako baba alikuwa akisimama studioni, akatega sikio. Mabega yakaanza kumtikisika, naye akabana midomo ili kicheko kisiharibu kazi.

"Eti nini? Hebu rudia!"

Akanyamaza tena, kidogo tu.

"Na viatu viko wapi? Ulitoka na viatu, umerudi peku!"

Safari hii alinyamaza kirefu, akitikisa kichwa polepole, uso umemng'aa.

Baba alikuwa pale. Alikuwa ndani ya vile vimya, kila kimoja kwa urefu wa jibu lake, na yule mama peke yake ndiye aliyekuwa akimsikia. Nikajaribu kukumbuka alikuwa anajibu nini kuhusu viatu. Mchezo ule niliusikia utotoni mpaka ukanichosha, lakini nilikuna kichwa nikaambulia patupu, hata neno moja. Nilimwonea wivu yule bibi kizee mpaka nikajionea haya.

Tulipotoka nje, mtayarishaji alikuwa anachekelea. "Dada, tumepata dhahabu!"

"Vile vimya usiviguse," nikamwambia. "Baba yuko mle."

"Redioni kimya ni balaa, dada yangu. Ukinyamaza kidogo tu, msikilizaji anadhani mitambo imeharibika, anahamia kwa wengine."

"Basi mwelezeni kwanza. Mwambieni, hapa Kizibo anajibu. Mimi ni fundi cherehani, kukata nakujua. Ukikata pale utabaki na uzi, nguo huna."

Akanishika bega. "Nimekuelewa. Niachie mimi."

Nikamwachia.

Siku ya kipindi nilikwenda kusikiliza kwa Mama Gharika. Redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka. Wakapita marehemu wa mwaka ule: mpiga tarumbeta na tarumbeta lake, mwimbaji wa kwaya, mtangazaji wa ndondi akipayuka hadi sauti inakatika. Kila mmoja alikuja mwenyewe. Kisha nikasikia, "Na sasa, Kizibo!" na moyo ukanipasuka kwa furaha.

Hakuna aliyeeleza lolote. Kikasikika kikohozi changu, halafu: "Unatoka wapi nimekutuma chumvi asubuhi mboga imeungua majirani wamekula wameshiba wewe ndiyo kwanza unakohoa mlangoni eti nini hebu rudia na viatu viko wapi ulitoka na viatu umerudi peku!" Yote mfululizo, hata pa kuvuta pumzi hapakuachwa. Ilikuwa sauti ya mwendawazimu anayegombana na ukuta. Mtangazaji akacheka. "Kweli Mama Gharika hampi mtu nafasi!" Wakapiga muziki.

Walikuwa wamemzika baba mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyewaonyesha pa kuchimba.

Mama Gharika alikuwa ameanza vizuri, akitamka pamoja na redio, amechangamka. Ilipofika pale pa kumsikiliza mwenzake akanyamaza, akainamisha kichwa kushoto. Redio ikampita. Akaikimbilia, ikampita tena. Akaitazama, kisha akatazama mlango.

"Mbona hajajibu?"

"Amejibu, shangazi," binti wa kaka yake akasema.

"Hajajibu. Yule hata tukiwa tumenuniana, tukifika kwenye maiki ananijibu." Akanigeukia mimi. Sijui siku ile alinitambuaje. "Wewe si mwanawe? Baba yako amekufa?"

Nikakohoa. Nilikohoa kama baba, kama mtu anayeogopa kuingia.

Alinitazama sana. "Hicho chako," akasema. "Chake nakijua." Akafunika uso kwa viganja, akalia kilio cha mtu aliyefiwa leo. Nikalia naye, maana tangu msiba sikuwa nimepata mtu wa kulia naye namna ile. Binti wa kaka yake akazima redio, akaenda kusimama jikoni.

Kesho yake nikaambiwa ameamka amesahau. Nikashukuru. Nikangoja wiki ipite, nikaazima kinasa sauti, nikarudi peke yangu. Nilitaka vile vimya viwe vyangu. Ningekaa navyo nyumbani, nivisikilize hata kama siambulii neno, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine popote alipobaki baba.

Nilimkuta ameketi, mkunjufu, akaniuliza habari za kuku. Nikabonyeza kitufe, nikakohoa.

"Unatoka wapi?" akafoka. Akasema ya chumvi, akasema ya mboga na majirani, akaunganisha na viatu. Hakuinamisha kichwa wala hakutega sikio. Alikwenda mbio mpaka mwisho, kama alivyosikia redioni, na hakumsubiri mtu.