Mwalimu Aliyefika Hatua ya Ngozi

Siku ya pili ya mafunzo, saa mbili na nusu asubuhi, Khalayi aliingia katika ukumbi wa kanisa karibu na Malava akiwa na gunia la udongo kichwani. Alimkuta mwalimu Phineas amesimama mbele ya ubao, chaki imemshinda kushika. Mikono yake ilikuwa imegeuka udongo hadi kwenye viwiko.

"Habari ya asubuhi, mwalimu."

"Njema, mama. Tafadhali niandikie tarehe."

Khalayi alitua gunia, akaandika tarehe.

Phineas alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Mradi uitwao Mikono Yenye Cheti ulikuwa umemtuma awafundishe wanawake ishirini na wawili istilahi na mbinu za msingi za ufinyanzi. Udongo wenyewe alikuwa ameugusa mara moja tu, jana yake, alipotumbukiza mikono kwenye rundo ili apigwe picha ya ripoti. Mfereji wa kanisa haukuwa na maji, kwa hivyo akajipangusa kwenye suruali.

Khalayi alikuwa na miaka arobaini na minne katika kazi hiyo. Alijiandikisha kwa sababu kando ya lami vilikuwa vimejengwa vibanda vipya vya mabati, na kibanda kingepewa mwenye cheti peke yake. Alikuwa amechoka kukimbilia nailoni ya kufunika vyungu kila mvua inapoanza.

Katika jaribio la siku ya kwanza alipata alama tatu kwa kumi. Swali la saba liliuliza: udongo ambao si mbichi tena na haujakauka unaitwaje? Khalayi aliandika "Bado." Phineas akatia alama ya mkosa kwa wino mwekundu. Jibu lilikuwa "hatua ya ngozi."

Sasa Khalayi alimshika mkono, akaukandamiza kwa ukucha juu ya kifundo. Ukucha uliacha alama bila kuzama.

"Bado," akasema.

"Hatua ya ngozi," Phineas akamsahihisha.

Kufikia saa nne udongo ulikuwa umepita kifua na kushuka hadi magotini. Aliendelea kusoma kitini chake cha mafunzo kwa sauti, maana mdomo ulikuwa ungali laini, huku Dinah, jirani yake Khalayi, akimfungulia kurasa. Kwenye ukurasa wa tano alishindwa kupiga hatua. Dinah alipiga simu ofisini, akamwekea sikioni. Ofisi iliuliza kama orodha ya mahudhurio imesainiwa.

"Mimi naona tumloweke tu," Dinah alisema baada ya simu. "Leo tunamwaga maji, kesho ni matope, Jumatatu tunamfinyanga upya. Tumwekee na masikio makubwa kidogo, asikie watu."

"Nitakuwa mimi bado?" Phineas aliuliza.

"Hiyo hatuwezi kuahidi," Khalayi alisema. "Udongo ukirudi matope, unasahaunga ulikuwa nini."

"Na mkiniacha hivi?"

"Mvua ya kwanza inakuchukua."

"Basi nichomeni. Lakini kwa tanuri lenye kipimajoto, kama ilivyoandikwa ukurasa wa tisa."

"Tanuri liko wapi?"

"Liko njiani. Tangu mwaka juzi."

Walimbeba kwa mkokoteni hadi nyumbani kwa Khalayi, wakamkalisha kwenye kivuli nyuma ya jikoni. Khalayi alimgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti asiyoipenda.

"Una hewa ndani. Hukukandwa. Ukiingia motoni hivi utapasuka, na utatuumiza."

Akachukua spoku ya baiskeli, akamtoboa tundu dogo chini ya kwapa. Hewa ilitoka kwa dakika nzima, nyembamba na baridi, ikinong'ona "kwa ushirikiano na wadau wote" mara nyingi mpaka ikaisha. Phineas alipungua upana kidogo, akasema anajisikia vizuri.

Alikaa hapo siku tisa akikauka. Kila asubuhi Khalayi alimgeuza upande ili jua lisimvute vibaya, na kila mchana alimzungushia gunia bichi shingoni, kwa kuwa mahali pembamba hukauka mbele na kuchanika. Siku ya tatu alianza kumsugua kwa kokoto ya mtoni apate kung'aa. Alipofika mbavuni Phineas alicheka sana, akamwomba arudie.

"Nani alikufundisha haya, kukhu?" aliuliza. Alikuwa ameacha kumwita mama, sasa anamwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Mama yangu. Alikuwa ananichapa vidole nikiharakisha."

"Alikuwa na cheti?"

"Alikuwa na fimbo."

Baadaye Phineas alimwambia kwamba tangu mamake, mkulima wa mahindi huko Lugari, hakuna mtu aliyewahi kumshika kwa uangalifu hivyo, na kwamba akitoka salama atahakikisha kibanda anakipata. Khalayi alimwamini. Usiku ule alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe.

Siku ya kumi hakukuwa na upepo. Wanawake walitandika kinyesi kikavu cha ng'ombe, wakamlaza juu, wakamzungushia kuni na majani makavu ya miwa. Kwanza Khalayi aliwasha moto mdogo pembeni, maji yaliyobaki yamtoke polepole. Mdomo wa Phineas ulikuwa umeanza kukauka. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Hakikisheni wote wamesaini."

"Tumesaini," Dinah alisema, akatupia majani.

Khalayi hakula siku hiyo. Alizunguka moto akisikiliza, kwa sababu chungu kikipasuka hulia mara moja tu, na huwezi kukifanyia lolote. Hakikulia kitu. Saa nane waliondoa majivu. Phineas alikuwa mwekundu mzima, isipokuwa doa jeusi begani ambapo moshi ulikawia. Khalayi alimgonga, naye akalia ting, safi, kama kengele ya shule.

"Asante, kukhu," alisema. Sauti yake ilikuwa na mwangwi kidogo. Akasimama, akaomba orodha.

Matokeo ya mafunzo yalikuja baada ya wiki tatu. Phineas aliyaleta mwenyewe kwa bodaboda, amefungwa godoro kiunoni. Ofisini walikuwa wamempandisha cheo. Wenzake walipenda kumwegemea saa za joto.

Khalayi alikuwa ameanguka mtihani wa vitendo. Wote ishirini na wawili walikuwa wameanguka.

"Kwa nini?" Khalayi aliuliza.

"Mlichoma bila tanuri."

"Lakini wewe si uko hapa?"

"Niko, kukhu. Niliwaambia mimi mwenyewe ndio ushahidi. Lakini fomu ina nafasi moja: tanuri, ndiyo au la." Alikuwa na huzuni ya kweli. Machozi hayakuweza kumtoka, ila jasho la baridi lilimtoka mwili mzima, kama linavyotoka kwenye mtungi mzuri.

Vibanda vilipewa wauzaji wa mabeseni ya plastiki, ambao mafunzo yao yalifanyika kwa simu.

Nyuma ya sikio la Phineas kulikuwa na ufa mwembamba. Khalayi aliuona kabla hajaambiwa, akamkalisha kwenye kigoda, akauziba bila kusema neno. Dinah alisema mengi.

Alipomaliza, Phineas alitoa karatasi nyingine. Ofisini kulikuwa na maofisa wanne ambao vidole vyao vilikuwa vimeanza kukakamaa, na mradi ulikuwa umeandaa mafunzo ya siku tatu kuhusu istilahi za kutunza wafanyakazi waliochomwa. Mwalimu angetoka mbali. Washiriki walikuwa wanahitajika.

"Kuna chai?" Khalayi aliuliza.

"Ipo. Na mkate."

Khalayi aliandika jina lake, na chini yake la Dinah. Kisha akamsaidia Phineas kupanda pikipiki, akakaza kamba ya godoro, akamwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta.