Milimita Saba za Lawama

Usiku wa jana niliota kumekucha, saa tatu kamili asubuhi, nami nimesimama uani kwangu hapa Lushoto mbele ya kipima mvua. Saa tatu ndiyo saa ya kupima mvua, hata kama mpimaji amefiwa. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na mmoja, na nilipostaafu nikaweka kipima mvua changu mwenyewe uani, maana mazoea yana taabu.

Lakini ndoto haina maana msipojua kilichotokea Jumapili.

Mimi na mke wangu, Mama Hoza, tuna desturi ya kujaza pamoja fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza. Kiingereza changu nilijifundisha kwa kamusi isiyo na jalada. Chake alikipata kwangu. Jumapili hiyo dada zangu wawili walikuwa wamekuja kutusalimu. Swali likauliza: mzinga wa Kijerumani wa kutungulia ndege vitani; siku hizi, lawama kali; herufi nne. Mama Hoza akaandika BOMB. Kwa wino.

Nami, mbele ya mawifi zake, nikafoka: "Umeharibu gazeti zima! Kichwa chako kama kinu, kinatwangiwa tu, hakifikiri!"

Dada zangu wakacheka. Jioni Mama Hoza alifunga kanga zake akaenda kwa binti yetu, Soni. Siku ya nne hiyo. Na mshenga aliyetuozesha tulishamzika zamani. Sasa mume atasimama mlangoni peke yake aseme nini?

Basi, katika ndoto nauliza kama kawaida, "Milimita ngapi leo?"

"Saba," kinajibu kipima mvua. "Ila si mvua. Ni lawama."

Nachungulia ndani. Kweli, vipande saba vya chuma, vidogo kama punje za mahindi, bado vina moto.

"Vimeanguka lini?"

"Jumapili, saa kumi alasiri. Ulivifyatua mwenyewe. Kinachopanda hushuka, Mzee Shekalaghe. Wewe mtu wa hali ya hewa nikufundishe hilo?"

Kabla sijajitetea, hodi. Anaingia mzinga mrefu mwenye koti la mvua, kofia mkononi. Namkaribisha kigodani. Kigoda kinanong'ona, "Mzito huyu," nakikanyaga mguu kinyamaze, mgeni asisikie.

"Mimi ndiye neno lenu la herufi nne," anasema mzinga. "Jina langu kamili ni Fliegerabwehrkanone."

"Pole sana."

"Asante. Hata Wajerumani wenyewe liliwachosha, wakalikata, nikabaki Flak. Kazi yangu ilikuwa kutungua ndege. Katika vile vita vya pili vya dunia Waingereza walinisikia nikinguruma chini ya ndege zao, jina wakalichukua. Vita vikaisha, nikadhani nitapumzika. Wapi! Wakanihamishia ofisini. Sasa mimi ni lawama. Waziri akikosea, naitwa. Golikipa akifungwa, naitwa. Na Jumapili nikaitwa hapa kwako, kwa ajili ya mwanamke aliyeshika kalamu."

Naona aibu, nammiminia chai ya tangawizi. Kisha wazo linanijia.

"Mzee mwenzangu, utakuwa mshenga wangu?"

"Mimi najua kutungua. Kuposa sijui."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza Kiingereza bila jalada."

Anamaliza chai, anavaa kofia. Nikiinuka, ua wangu umeshakuwa sebule ya binti yetu Soni. Mama Hoza amekaa mkekani anamenya viazi. Mimi nimejificha nyuma ya mzinga, kipima mvua kwapani.

Mzinga anavua kofia, anakohoa moshi kidogo. Najua washenga husema wameona ua katika bustani ya watu. Yeye anasema, "Tumeona ndege katika mbingu yenu."

Mama Hoza anaweka kisu chini. "Ehe?"

"Maisha yangu yote, nikiona ndege, hutaka aanguke. Huyu sitaki aanguke. Ndiyo hayo niliyotumwa. Mengine nimesahau."

"Na aliyekutuma hana miguu?"

"Anayo, shemeji. Imejificha nyuma yangu."

Natoka. Nakiinamisha kipima mvua mbele yake, nahesabu vipande. Sita! Nakigeuza, nakipiga mgongo. Sita.

"Usihangaike," anasema Mama Hoza. Anafungua pindo la kanga yake, na humo kipande cha saba kinawaka kama kaa la moto. "Hiki nilikitunza mimi. Ndicho cha kinu."

"Mama Hoza..."

"Ngoja. Unadhani mimi nina haja na Kiingereza? Nalijaza hilo fumbo nipate kukaa karibu nawe. Jumapili ndiyo siku pekee hutazami mawingu. Nawe ukaniangusha mbele ya mawifi zangu."

Nanyosha mkono, nakichukua kile kipande. Kinaniunguza. Sikiachii.

"Basi," anasema, akitazama kiganja changu. "Siku nyingine njoo mwenyewe, uache kutuma mizinga."

Mshenga wangu hakusikia. Alikuwa amelala mkekani, kichwa juu ya gunia la viazi, anakoroma kama mtu aliyepewa likizo yake ya kwanza.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili. Saa tatu sikuingoja. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kipima mvua hakikusomwa.

Nilimkuta Mama Hoza kwa Soni, mlangoni pa jiko, anamenya viazi.

"Nilikosa," nikasema. "Nilikukosea mbele ya dada zangu, na mbele yao nitakuja kulisema hili."

Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Afadhali," akasema, akacheka kidogo, akainuka kunitilia chai. Alipojifuta mikono nikaona pindo la kanga yake lina tundu la kuungua, duara, ukubwa wa punje ya hindi.

"Hii kanga imeunguaje?"

"Hata sijui. Jana nimeifunga nzima, leo nimeamka naikuta hivi." Akanipa kikombe, akaushika mkono wangu, akaugeuza. "Na wewe, baba Hoza, kiganja hiki kimepatwa na nini?"