Tatu kwa Moja

Kioko alikuwa dobi mkuu katika hoteli moja ya Waitaliano huko Malindi, na mwaka wa 1986, Kombe la Dunia lilipokuwa likichezwa Meksiko, ndiye aliyeuanzisha mchezo wa kubashiri mabao. Alitoboa katoni ya sabuni, akaitundika katika chumba cha kufulia, akatangaza masharti: kila anayetaka aandike matokeo anayoyatarajia na atie kikaratasi chake kabla ya saa kumi jioni. Atakayepatia mabao kamili, pointi tatu. Atakayemjua mshindi tu, pointi moja. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari, Kioko alijumlisha na kuandika pointi kwa chaki nyuma ya mlango.

Hakutarajia mchezo ungependwa vile. Zamani watu wa bara walikula chakula cha mchana upande wao na Wagiriama upande wao, wakabaki na salamu tu. Sasa sahani zilisogezwa pamoja, watu wakibishana kuhusu Brazili. Hata Mama Kahonzi, mpiga pasi asiyejua kuandika, alikuja kila siku kumnong'oneza Kioko mabao yake, naye Kioko akamwandikia. Walimwita Refa. Tangu ashuke kutoka Machakos hakuwahi kujiona mtu wa maana kiasi kile.

Meneja aliposikia, akaongeza utamu. Alisema raundi ya kwanza ikiisha, mshindi ataleta familia yake Jumapili, wakae katika ukumbi wa wageni na kuhudumiwa kama wageni. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuvikalia viti vile. Jioni hiyo Kioko alimwambia mkewe, Mumbua, atafute gauni la kuvaa, maana yeye ndiye aliyekuwa akiongoza.

Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Karisa, mtunza bustani, Mgiriama wa Marafa. Kioko alipofika Malindi hana mwenyeji, ni Karisa aliyempokea nyumbani kwake hadi akapata chumba. Walikuwa marafiki wa kuazimana hata shati.

Siku ambayo Moroko ingecheza na Ureno, mchana, Karisa aliitwa langoni. Mkewe, Nyevu, aliyekuwa mjamzito, alikuwa amepelekwa hospitali akivuja damu. Karisa alipita mbio mbele ya chumba cha kufulia, akasimama kidogo mlangoni, mikono imejaa udongo.

"Kioko, niandikie. Moroko tatu, Ureno moja."

"Nenda, ndugu yangu. Nitakuandikia."

Na alikusudia kweli. Saa kumi ilipokaribia alishika kalamu. Kisha akautazama ule mlango, akaona jinsi jina la Karisa lilivyolikaribia lake. Akajiambia kwamba Moroko haiwezi kuifunga Ureno mabao matatu, kwamba Karisa alisema tu akiwa amechanganyikiwa, kwamba hata akiandika hakutakuwa na faida. Akaiweka kalamu chini. Kikaratasi chake mwenyewe kilikuwa kimeshatiwa, na alikuwa ameandika Ureno.

Asubuhi redio ikasema: Moroko tatu, Ureno moja.

Karisa alirudi kazini karibu na adhuhuri, macho mekundu. Mtoto hakuishi. Watu walimpa pole, wakamshika mkono mmoja mmoja. Kisha Garama, mhudumu wa mezani, akataka kumpa habari nyepesi kidogo.

"Moroko imeshinda, Karisa. Ila hukutia kikaratasi."

"Nilimwachia Kioko," Karisa akasema. "Tatu kwa moja."

Wote wakamgeukia Kioko. Alikuwa na nafasi ya kusema, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini aliwaza kuwa akikiri, wataanza kuuliza kwa nini hakuandika.

"Sikumbuki," akasema. "Tena masharti ni masharti. Mtu huandika mwenyewe."

Mama Kahonzi akaweka pasi yake chini. "Mbona mimi huniandikia?"

Kioko akaanza kukunja shuka. Karisa alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyowahi kuiona mahali. "Basi," akasema, "labda sikusema," akarudi kwenye maua yake.

Mechi zilizobaki hazikubadilisha kitu. Kioko alishinda kwa pointi moja.

Jumapili alikaa ukumbini na Mumbua na watoto wao wawili. Garama aliwaletea supu, samaki, kisha matunda. Aliinama kwa adabu zote, akamwita Kioko "bwana", wala hakutabasamu hata mara moja. Kutoka jikoni hakuna aliyechungulia kuwatania. Watoto walinong'ona kama wako kanisani.

"Hawa ndio wenzako unaowasifu kila siku?" Mumbua akauliza.

"Wako kazini," Kioko akajibu. Samaki alikuwa mtamu, lakini hakummaliza.

Kesho yake alimfuata Karisa bustanini. Alimkuta amepiga magoti akipalilia. Kioko alisema alikuwa na shughuli nyingi siku ile, kwamba mchezo ni mchezo, kwamba angeweza kuzungumza na meneja ili Karisa naye aalikwe.

Karisa alimwacha amalize.

"Alfajiri ile," akasema, "mlinzi wa hospitali alikuwa na redio. Niliposikia, nikaenda kumwambia Nyevu tumeshinda, nitampeleka akale mezani na wazungu. Alikuwa analia tangu usiku. Akacheka." Aling'oa gugu, akalikung'uta mchanga. "Halafu ilinibidi nimwambie kwamba nilimdanganya. Nilimwambia hivyo, kwamba ni mimi niliyedanganya. Sikutaka akuchukie, maana umekula kwake."

Kioko akafungua kinywa.

"Niachie kazi yangu, bwana Kioko," Karisa akasema, kwa upole tu.

Mchana huo watu wa bara walikuwa wamerudi upande wao na Wagiriama upande wao. Kioko alisimama na sahani yake katikati. Mkamba mwenzake mmoja akamsogezea nafasi bila kumtazama, naye akakaa, akala wali wake mpaka ukaisha.